Bana Waya Mmoja

Himo, enzi zile, mtu hakutukanwa ukoo wala sura. Alitukanwa kwa neno moja tu: kamba. Wakisema "yule ana kamba," mwenyewe huhama kibaraza. Nyaya zilikuwa zimeng'olewa kwenye kuta tangu wakati wa mabibi, na kizazi kilichofuata kilikua kikijisifu kwamba hakijafungwa na kitu chochote, kama mbuzi aliyekata kamba ambaye bado hajakutana na fisi.

Kila chombo kilibeba kiini chake, kifuko cha umeme kikubwa kama nusu tofali, kilichojazwa na mapanga ya upepo yaliyozunguka kilimani, na kila kiini kilisikilizana hewani na viini vya karibu kupitia milingoti midogo iliyosimikwa juu ya mapaa. Kiini kikipungukiwa, kiliazima kwa wenzake. Waliobuni mfumo huo waliuita Ujirani, wakautungia na wimbo wa chekechea: jirani hanyimwi chumvi. Wimbo mtamu kweli. Walichosahau kuutia ni kwamba yuko jirani anayekuja na kijiko, na yuko anayekuja na gunia.

Nanzia Mbwambo, Mpimaji Daraja la Kwanza wa Mamlaka ya Ujirani, aliegesha pikipiki yake mbele ya karakana ya milango akiwa amekwisha kuidharau kabla hajavua kofia. Vumbi la mbao lilimchukiza. Kelele zilimchukiza. Kilichomchukiza zaidi ni malalamiko yaliyomtoa Moshi asubuhi hiyo. Muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara alidai kwamba mafundi wakitoboa milango, taa za vitanda vya joto vya watoto njiti hugeuka njano. Nanzia aliyasoma, akafyonza. Kesho watasema randa inawalia ugali wao.

"Ficheni vitu!" ilipaa sauti kutoka ndani ya karakana. "Mpare kaja! Akikosa cha kupima atatushtaki kwa kumpotezea muda!"

Aliyesema hayo ni Fundi Temu, mwenye karakana, mwanamume mwenye kifua kama mlango wa ghala na majivuno ya kuujaza mlango huo. Mafundi wake wakacheka mpaka misumeno ikanyamaza.

"Tulia na mbao zako, Mchaga," Nanzia akajibu bila kumtazama. "Ningekuja kuiba ningeenda kwa mwenye kitu. Wewe ukilala unauza mto, ukiamka unauza ndoto."

Hakuna aliyenuna. Mpare na Mchaga ni watani, na utani una sheria zake, ambazo hata enzi hiyo ya vitu vya hewani hakuna aliyethubutu kuzing'oa. Mtani hukutukana mbele ya mkwe wako na wewe unacheka. Msibani kwako huja akalikalia jeneza, akazuia lisitoke mpaka apewe chochote, na waliokuwa wanalia hujikuta wanacheka. Neno la mtani halipelekwi barazani.

"Leteni keekee inayotoboa vitasa," Nanzia akaamuru. "Ile mnayoisifia."

Temu akaileta mwenyewe, akiibeba begani kama bunduki ya mwindaji. Nanzia akachomoa kiini chake, kisha kutoka mkobani akatoa kitu ambacho mafundi walikitazama kama watu wanavyotazama nguo ya ndani iliyoanikwa sebuleni. Ilikuwa nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, ndefu kama mkono, zilizofungwa pamoja kwa utepe mweupe. Wapimaji waliziita kitovu. Huwezi kupima mkondo wa chombo kisicho na waya mpaka ukipe waya kwa muda. Unakitenga chombo na kiini chake, unaviunganisha tena kwa kitovu, halafu unakibana kitovu kwa koleo la kupimia, nalo lina taya mbili zinazohisi mkondo bila kuukata.

"Aibu hii mnaitoa mbele za watu?" Temu akauliza.

"Aibu yako ni biti hiyo. Ncha butu kama ulimi wa ng'ombe."

"Biti haina neno. Fundi wa kweli hulalia." Na akalalia. Aliuegemeza uzito wake wote juu ya keekee, biti ikazama katika mti wa mkongo, ikanguruma, ikakoroma, ikakwama, moshi ukatoka. Kwa mafundi wa Himo huo ndio uliokuwa uungwana. Aliyetoboa polepole kwa biti kali walimwita mshona nguo.

Koleo la Nanzia likasoma ampea sifuri nukta mbili.

"Ndani ya kiwango," akatamka. Hakushangaa. Vyombo vyote alivyopima tangu aajiriwe vilikuwa ndani ya kiwango, na vya wenzake vilevile. Sifuri ni namba inayopendwa na kila ofisi. Haili, haichafui, haiombi likizo. "Fundi, hongera. Chombo chako hakina ulafi. Mwenyewe ndiye sijui."

Akafunga mkoba, akavuka barabara kwenda kumwambia muuguzi kwamba ni mzushi.

*

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na rangi ya bluu iliyochoka. Sista Blandina, muuguzi mwenye malalamiko, alimpokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa yamesahau usingizi unafananaje.

"Sifuri nukta mbili," Nanzia akasema badala ya salamu. "Keekee ya pale haigusi vitanda vyako. Tafuta mchawi mwingine."

"Karibu ndani."

"Nimeshamaliza kazi."

"Umemaliza ya kwako. Karibu uione ya kwangu."

Ndani, juu ya mkeka, aliketi mama kijana aliyeitwa Aikande, kanga imemfunga kifuani pamoja na mtoto mdogo kuliko kiatu. Mtoto wa pili alilazwa kwenye kitanda cha joto kando yake. Mapacha. Walikuwa wamekuja duniani kabla ya wito, na sasa waliishi kwa zamu, mmoja kwenye joto la mama, mwingine kwenye joto la godoro, kisha wanapokezana. Juu ya kitanda taa ndogo ya kijani iliwaka.

"Kijani, godoro linapata chakula chake," Sista Blandina akaeleza. "Njano, linapungukiwa. Nyekundu sitaki kukueleza."

"Ni kijani."

"Subiri mtani wako achoke kupumzika."

Hawakusubiri sana. Ng'ambo ya barabara keekee ikanguruma. Ikakoroma. Ilipokwama, taa ikageuka njano, ikabaki njano muda wote ule mlio wa kukabwa ulipokuwa ukiendelea, na keekee iliponyamaza, ikarudi kijani pole pole, kama mtu anayeinuka baada ya kusukumwa.

"Sadfa," Nanzia akasema. Lakini alilisema kwa sauti ya chini kuliko alivyokusudia.

Keekee ikaanza tena. Njano tena.

"Hiyo nayo?"

"Sista, chombo changu hakina huruma wala chuki. Kinasema sifuri."

"Basi chombo chako na kitanda changu, kimoja kinasema uongo." Sista Blandina akambetulia midomo. "Na kitanda changu hakitafuti cheo."

Nanzia alifungua kinywa amkate maneno, na alikuwa nayo mengi. Aikande akamtangulia, kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya zaidi kuliko tusi.

"Dada, mshike mguu huyo wa kitandani."

"Mimi si daktari."

"Hata mimi. Mshike tu."

Nanzia akanyoosha kidole kimoja. Mguu ulikuwa na vidole vitano vilivyokamilika, kucha na yote, kazi nadhifu kuliko yoyote aliyowahi kuona. Ulikuwa wa baridi kama kijiko kilichotoka mtungini.

"Mchana upepo ukilala ndipo Ujirani hutusaidia," Aikande akasema. "Tunaazima kwa mafundi, tunavuka. Siwachukii. Wakinyamaza wanatupa, wakilalia wanachukua. Naomba tu wachukue kidogo kidogo. Hawa wenyewe wanakunywa kidogo kidogo."

Nanzia akatoka bila kuaga. Alijiambia kwamba anarudi karakana ili kuwakomesha wote wawili, muuguzi na kitanda chake.

*

"Umerudi kuchukua sifuri nyingine?" Temu akamdaka. "Tunazo tele, lakini hatuuzi."

"Wewe usiuze kitu? Hiyo habari itangazwe redioni. Washa, ulalie."

Temu akalalia. Koleo likasoma sifuri nukta mbili. Nanzia akatabasamu kwa dharau. Ndipo biti ilipokwama vibaya, na Temu, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kuachia kitu chochote, akaendelea kukandamiza. Kitovu kikapata joto. Utepe mweupe ukalegea, ukafunguka, na waya mweusi ukachomoka nje ya taya za koleo kama mtoto mtundu anayetoroka kanisani. Ndani ukabaki mwekundu peke yake.

Koleo likasoma sabini na moja.

"Zima!"

"Nini?"

"Nimesema zima, we mwanamume!"

Akaugeuza mkono wake kana kwamba hitilafu ilikuwa humo. Akaamuru tena. Akabana mwekundu peke yake: sabini na moja. Akabana mweusi peke yake: sabini na moja, na kialama cha kutoa mbele yake. Akabana zote mbili pamoja, kama alivyofundishwa, kama alivyofundisha wengine.

Sifuri nukta mbili.

Nanzia akakaa juu ya gogo, vumbi la mbao likimpaka sketi.

Mkondo hutoka kwenye kiini kwa waya mmoja na hurudi kwa wa pili. Kila mmoja una sumaku yake, na sumaku hizo zinatazamana kinyume. Ukizibana pamoja zinafutana. Ilikuwa kama mlinzi wa lango anayehesabu wanaoingia, akatoa wanaotoka, jioni akaandika kwamba leo hakupita mtu. Bibi yeyote aliyewahi kuishi na waya ukutani angewacheka. Lakini hawa, kizazi kisicho na kamba, waliona nyaya mbili wakadhani ni kitu kimoja chenye rangi mbili, wakakifunga kwa utepe ili kipendeze. Nchi nzima ilikuwa inapimwa hivyo. Nchi nzima ilikuwa ndani ya kiwango.

Na kiini kimoja cha keekee hakiwezi kutoa zaidi ya ampea thelathini kwa nguvu zake. Zile arobaini na moja za juu zilitoka wapi? Zilitoka kwa jirani. Mfumo haukuuliza nani ana shida zaidi. Ulimpa aliyepiga kelele zaidi.

Alikuwa amedharau watu wengi maishani, kwa bidii na kwa ustadi. Siku hiyo kwa mara ya kwanza dharau ilimgeukia yeye, na alishangaa kuona jinsi inavyomfahamu.

*

Akampigia mkuu wake, Bwana Lusajo, ambaye hakuwahi kuonekana akinyanyua kitu kizito kuliko kikombe.

"Sabini na moja?" Bwana Lusajo akacheka kidogo. "Mpimaji, sifuri ilikukosea nini?"

"Tumekuwa tukibana vibaya, mheshimiwa. Sote. Kila mji."

"Kila mji umelalamika?"

"Himo wamelalamika."

"Basi ni Himo." Akasikika akikoroga chai. "Sikiliza, binti. Ukiingiza namba hiyo kwenye simu yako ya kazi, mfumo utaifungia Himo yote hapo hapo. Hakuna kuazima, hakuna kuazimwa. Mpaka kamati ikae."

"Kamati inakaa lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Na zahanati ikiishiwa upepo mchana?"

"Zahanati iko Himo, au sivyo? Ndiyo nakwambia, andika sifuri nukta mbili, urudi Moshi. Hakuna atakayekulaumu."

"Lakini nikiandika sifuri, miji mingine haitapimwa upya."

"Naam," akasema Bwana Lusajo kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye ameeleweka. "Naam, kabisa."

Simu ikakatika. Nanzia alibaki nayo mkononi. Akisema kweli, mfumo utakata chumvi, na mchana huu upepo ukilala, godoro la yule mwenye mguu wa kijiko litapoa. Akinyamaza, keekee zitaendelea kumeza, hapa na katika kila mji wenye zahanati ya bluu na mama kwenye mkeka, na watoto hao hakuwashika miguu, hakuwajua majina, ila hawakuwa na thamani ndogo kwa sababu hiyo. Akisubiri hadi kesho, kesho itakuwa na mchana wake, na upepo wake wa kulala.

Juu ya kilima mapanga ya upepo yalikuwa yanazunguka kwa uvivu, yakijiandaa kusinzia.

Aliitazama simu. Alikitazama kitovu chake, kile kitu cha aibu, kimefunguka juu ya vumbi. Nyaya mbili. Kiini upande mmoja, chombo upande wa pili, na katikati hakuna hewa, hakuna mfumo, hakuna kamati.

Akasimama. Akavua beji ya Mamlaka, akaitia mkobani. Mpimaji angeweza kuwaamuru mafundi wakatii kwa kuguna, kisha wakadanganya. Mtani ana uwezo mwingine.

"Temu!" akaita, mikono kiunoni. "Nina kazi. Nichongee jeneza."

Kicheko kilichokuwa kinaanza kikakosa pa kwenda.

"La nani?" Temu akauliza.

"Wewe chonga, mimi nitakupa kipimo." Akauweka mkono wake juu ya mkongo, kuanzia ncha ya kidole mpaka kwenye kiwiko. "Hivi. Upana, kiganja kimoja. Mbao za mabaki zinatosha, hutapata hasara, najua roho yako. Na ulichonge kwa keekee hiyo hiyo, maana ndiyo iliyofanya kazi ya kwanza. Haifai kumwachia mwingine amalizie."

Temu akaondoa mkono kwenye keekee.

"Utani huo sio," Temu akasema taratibu.

"Ndio huo hasa. Kazi ya mtani ni kulikalia jeneza. Mimi nimeamua kulikalia kabla halijachongwa." Akaokota nyaya, akazitenganisha mbele ya macho yao, akabana mwekundu peke yake. "Washa. Lalia, kama mwanamume. Halafu usome mwenyewe."

Temu akawasha, lakini hakulalia. Koleo likasoma kumi na nne.

"Mbona umekuwa mshona nguo ghafla? Lalia!"

Akalalia. Sabini na moja.

"Thelathini ni zako. Hizo nyingine unazipata wapi? Ng'ambo pale, kwenye godoro la mtoto mfupi kuliko biti yako. Mnajisifu nguvu! Nguvu zenyewe mmemnyang'anya mtu asiyeweza hata kuinua shingo. Mchaga kuiba nilijua. Kumwibia aliye tumboni mwa kanga, hilo hata kwenu lilikuwa bado."

Fundi mmoja akataka kujibu. Temu akamzuia kwa mkono.

"Na wewe Mpare," Temu akasema, sauti ikiwa nzito, "asubuhi ulituambia hatuna ulafi. Ulipima kwa nini, kwa pua?"

"Kwa ujinga," Nanzia akasema. "Nilibana nyaya mbili. Ni mjinga daraja la kwanza, nina na cheti. Umeridhika? Nicheke utakavyo, lakini ucheke ukitembea, maana upepo unalala sasa hivi. Nataka kila kiini kilichojaa humu ndani. Mikononi. Tunavipeleka wodini na kuvifunga kwenye vitanda kwa waya."

"Kwa waya," Temu akarudia, kana kwamba ameambiwa avue suruali.

"Kwa kamba, ndugu yangu. Kamba kabisa."

"Na milango ya watu?"

"Babu yako alitoboa kwa keekee ya mkono, akazungusha mpaka akapata mke. Wewe itakuua?"

Temu akaiinua keekee yake. Kisha akachomoa kiini chake, akakiweka kwapani, akaelekea rafuni kuchukua vingine.

"Mnashangaa nini?" akawafokea mafundi. "Mnataka Mpare aende kusimulia Upareni kwamba tulibembelezwa?"

*

Walivuka barabara wakiwa wamebeba viini vifuani kama watu wanaobeba kuku wa sadaka. Himo ilitoka kuwatazama. Watu walicheka, kwa kuwa ndicho kitu Himo ilichokuwa inakijua vizuri. Sista Blandina alifungua mlango, akawatazama, akafungua na bawa la pili.

"Vueni viatu," akasema. "Na msishike chochote kisichowahusu."

Nanzia alipiga magoti sakafuni. Alikuwa na vitovu vitatu mkobani, vingine akavisuka kwa nyaya za zamani ambazo Sista alizitoa stoo, ndani ya boksi la vitu vya kutupwa. Vidole vyake vilikosea mara nyingi. Temu, aliyekuwa amechuchumaa pembeni akishikilia kiini kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake, alianza kumwelekeza, na kila alichoelekeza kilikuwa si sahihi.

"Nyekundu kwa nyeusi."

"Ukitaka kutuchoma wote, sawa."

"Nilikuwa nakupima."

"Kwa kubana zote mbili?"

Aikande, mkekani, akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu aliyesahau mahali alipokiweka, na mtoto wa kifuani akapanda na kushuka pamoja nacho.

Walipanga zamu. Viini vya rafu ya karakana vilijazwa moja kwa moja na mapanga ya kilimani, havikuhitaji Ujirani. Viini vikiisha, fundi mmoja angevirudisha, mwingine angeleta vilivyojaa, mchana hata alfajiri, mpaka kamati iamue kukaa au iendelee kusimama. Sista Blandina alitangaza kwamba atakayechelewa zamu yake atakuja kusafisha ndoo za wodi. Hakuna aliyedhani anatania.

Nje, mapanga yakasimama.

Nanzia akatoa simu ya kazi. Akaandika sabini na moja. Chini yake, mahali ambapo wapimaji huacha wazi, akaandika kwamba koleo linapaswa kubana waya mmoja, kwamba wapimaji wote walikuwa wanabana mbili, yeye akiwemo, na kwamba kila mji upimwe upya. Akatia jina lake lote, na la baba yake, ili wasihangaike kumtafuta.

"Likiingia hili, hewani hakutakuwa na chumvi tena," akasema. "Kila mtu ashike kiini chake."

Akabonyeza.

Kwenye mlingoti wa paa kitu kikalia kidogo, kikanyamaza. Kote mtaani vyombo vikapunguza pumzi. Redio ya kinyozi ikafa katikati ya neno. Juu ya kitanda taa ikageuka njano, na chumba kizima, mafundi wenye vifua vya milango na muuguzi asiyelala, kikasahau kuvuta hewa.

Kijani.

Ikabaki kijani.

Nanzia alichukua koleo, akabana kitovu cha kitanda. Sifuri.

"Mpimaji!" Sista Blandina akafoka.

Akaangalia. Kwa mazoea yake ya miaka alikuwa amebana nyaya zote mbili. Akafyonza, safari hii akijifyonza mwenyewe, akautoa mweusi, akaacha mwekundu.

Ampea mbili na nusu.

Temu akainama kusoma. "Ndiyo hizo tu?"

"Ndizo hizo."

"Anaishi kwa hizo tu?"

"Keekee yako ikikohoa mara moja inamaliza chakula chake cha mchana."

Temu hakutukana. Alinyoosha kidole chake kinene chenye alama za patasi, kikasita juu ya ule mguu mdogo, kikatua. Nanzia alimwona akingoja ubaridi. Ubaridi haukuja.

Dirishani watu walikuwa wamejazana, na mmoja wao, kijana mwenye kofia mpya na akili ya zamani, alichungulia akaona mwenye karakana kubwa kuliko zote Himo amechuchumaa sakafuni, waya umemzunguka mkono.

"Jamani, Temu!" akapaza sauti kwa raha. "Fundi Temu ana kamba!"

"Ninayo," Temu akajibu bila kugeuka. "Njoo uone imemshika nani."